Pampu Yangu Mwenyewe

Jumamosi, 7 Machi

Nimerudi nyumbani kutoka hospitali. Mvua nayo imerudi leo, tumeingia mlangoni pamoja. Mke wangu ameniandalia kitanda kama cha mama aliyejifungua: mto mgongoni, mto chini ya magoti, beseni karibu. Majirani wameambiwa ni ngiri. Ngiri ni ugonjwa wa heshima. Mtu akisikia ngiri anasema pole na haombi kuonyeshwa.

Ukweli nauandika hapa kwa sababu kichwani hakuna nafasi tena. Kisukari kilininyang'anya nguvu za kiume miaka mitatu iliyopita. Nikameza vidonge, nikadungwa sindano, nikanywa mizizi michungu ya kila rangi, wapi. Mwisho daktari akanipasua na kuniwekea vyombo vya bandia: mirija miwili ndani ya uume, kifuko cha maji tumboni, na pampu ndogo kwenye mfuko wa korodani. Ukiibinya pampu, maji yanatoka tumboni yanajaa kwenye mirija, na kitu kinasimama. Ukibonyeza kitufe cha pembeni, maji yanarudi na kitu kinalala. Mimi ni fundi wa pampu za maji. Daktari aliponieleza nilicheka mpaka machozi yakanitoka, naye hakujua nacheka nini.

Sasa sicheki. Kuna kidonda, kuna uvimbe, na siruhusiwi kujaribu chochote mpaka katikati ya Aprili. Ninachotaka kujua ni kimoja tu: nitakuwa mume tena, au nimepasuliwa bure? Hakuna wa kunijibu.

Jumapili, 8 Machi

Mvua. Maumivu. Chai imepoa kikombeni.

Alhamisi, 12 Machi

Uvimbe umekuwa na rangi ya bilinganya, na ukubwa wake siusemi. Mke wangu alitaka kuangalia. Nikavuta shuka mpaka shingoni kama bibi harusi.

"Mimi ni mkeo," akasema. "Si mpita njia."

Nikamwambia mambo haya ni ya wataalamu. Akainuka. Mchana nikamwona anabeba mto wake kwenda chumba cha binti yetu, ambaye yuko masomoni. "Nisije nikakuumiza usingizini," ndivyo alivyosema. Huenda ni kweli. Huenda pia keshazoea kulala peke yake, maana miaka mitatu si mchezo.

Yeye ni msusi. Anasukia wateja sebuleni, na kati yetu kuna ukuta mmoja tu mwembamba. Kutwa nzima namsikia: "Tulia. Usitikise kichwa. Tulia." Wanawake wanatii. Mimi nimelala huku nimetulia bila kuambiwa.

Ijumaa, 13 Machi

Daktari ameagiza niwe naivuta pampu kuelekea chini kila siku, isije ikapanda na kuganda huko juu. Leo nimevuta. Sina hakika kama nilichoshika ni pampu au ni mali yangu ya kuzaliwa.

Jumatatu, 23 Machi

Nimerudi karakana. Mwenzangu tunamwita Kidevu kwa sababu ya kile alichojaliwa na Mungu chini ya mdomo. Tumekuwa naye tangu hatuna hata spana ya kwetu. Kazi zimerundikana, maana masika ndiyo mavuno yetu: mashimo yanajaa, mota zinaingia maji, watu wanakuja mbio.

"Ngiri imepona?" akaniuliza.

"Imepona."

"Mbona unatembea kama umebeba mayai?"

"Nimebeba."

"Basi nenda ukayaatamie nyumbani, hapa yatavunjika."

Ananifanyisha kazi za kukaa: kusafisha gasketi, kufunga nati. Nati zimenitoka mkononi mara kadhaa. Nikasema ni baridi ya maji haya ya mvua. Kidevu akaziokota, akanirudishia.

Si baridi. Vidole vyangu vina ganzi tangu mwaka jana, na sasa ni kama nimevaa glavu ambazo hazivuliki. Kabla ya upasuaji daktari aliniuliza, "Vidole vyako viko sawa? Pampu hii inataka vidole." Nikamjibu, "Daktari, vidole ndivyo vinavyonilisha." Ningesema ukweli angenirudisha nyumbani nilivyo. Nani angesema ukweli pale?

Jumanne, 24 Machi

Mvua kutwa. Nati mbili zimepotelea kwenye tope.

Alhamisi, 2 Aprili

Uvimbe umeisha. Leo nilijifungia chumbani nikajitazama vizuri. Kimekuwa kifupi. Walinionya kwamba kinaweza kupungua kidogo, lakini kuambiwa na kuona ni mambo mawili. Nimekaa ukingoni mwa kitanda nikajionea huruma, na sioni aibu kuiandika.

Ukutani nikasikia mteja anauliza, "Mzee anaendeleaje?"

"Anaendelea," mke wangu akajibu. Basi. Neno moja, kama unavyomjibu mtu aliyeuliza habari za mvua. Kisha mtu akanong'ona kitu, wakaangua kicheko.

Damu ikanipanda. Nikafungua mlango ghafla. Kimya. Mteja kakaa chini, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima, na mke wangu kabana kitana kwa meno.

"Unataka chai?" akauliza.

Nikasema naenda chooni. Nikaenda, nikasimama humo bila haja yoyote, nikarudi. Nilikuwa na hakika kwamba mimi ndiye niliyechekwa. Saa hizi ninapoandika hakika yenyewe imepungua, lakini hasira ipo palepale.

Ijumaa, 17 Aprili

Leo ndiyo siku niliyoisubiri. Hospitali iko ng'ambo ya mto, na maji yalikuwa yanakaribia kulilamba daraja. Daktari alishaniagiza nije na mke wangu, tufundishwe wote wawili. Nimekwenda peke yangu. Pampu nifundishwe na nani, na mke wangu aje kutazama nini?

"Mama yuko wapi?" muuguzi akaniuliza.

"Ana kazi."

"Mficha uchi hazai, baba."

"Watoto ninao tayari."

Akatabasamu, akavaa glavu, akaanza. Mimi natazama dari. Akabinya, akabinya, na nilipoteremsha macho kitu kilikuwa kimesimama. Miaka mitatu. Nikajifanya nakohoa ili nifute macho.

"Sasa kushusha," akasema. "Kitufe hiki hapa, kidogo kama punje ya dengu. Kibonyeze, ukishikilie, usiachie haraka. Jaribu."

Nikajaribu. Nilisikia kitu laini, kitu kigumu, na mahali penye kitufe sikusikia chochote. Nikasogeza kidole huku na huku kama mtu anayetafuta swichi ukutani gizani. Yeye ananitazama.

"Umekipata?"

"Dada yangu," nikamwambia, "mimi nilianza kufunga pampu wewe hujaanza shule. Pampu ni pampu. Nimeelewa."

Foleni nje ilikuwa ndefu. Akabonyeza mwenyewe, maji yakarudi, akaniambia nifanye mazoezi kila siku na nisisite kupiga simu. Nimerudi nyumbani napiga mluzi kwenye mvua.

"Wamesemaje?" mke wangu akauliza.

"Mambo safi."

"Wamekuonyesha namna ya kuitumia?"

"Nionyeshwe nini mimi?"

Akarudi kwenye nywele zake.

Jumamosi, 18 Aprili

Kupandisha si kazi, nabinya kwa kiganja chote. Kushusha ndiyo balaa. Nimekaa chooni mpaka miguu imekufa, natafuta hiyo dengu. Mke wangu akagonga mlango. "Uko salama?" Nikasema tumbo. Mwishoni ikashuka yenyewe wakati nimeshakata tamaa. Sijui nilibonyeza nini.

Jumapili, 19 Aprili

Sikuigusa.

Jumatano, 22 Aprili

Imepanda, imeshuka, mara moja tu! Fundi ni fundi.

Jumapili, 26 Aprili

Mvua kubwa mchana, hakuna mteja aliyekuja. Nikamwambia mke wangu, "Leo." Akanitazama, akaweka kitana juu ya meza, akaingia chumbani kwetu. Nilimwona anatandika shuka mpya ambayo sikujua kama tunayo. Aliitunza kwa ajili ya siku hii, na mimi nilikuwa nawaza kwamba keshanizoea nilivyo.

Nikajifungia chooni kwanza, nikabinya, nikarudi nimejifunga taulo. Sikutaka aone natengenezwa.

Chombo kilifanya kazi. Nalisema hilo kwa haki. Lakini mimi mwenyewe sikuwepo. Nilikuwa nasikiliza mirija, kama ninavyosikiliza mota mpya siku ya kwanza, nangoja itoe mlio mbaya. Palikuwa panauma kidogo, na raha ilikuwa mbali. Yeye alilala kimya kabisa, kama anaogopa kuvunja kitu cha watu.

"Mbona kichwani mwake pana baridi?" akauliza taratibu.

Nikasema, "Ndivyo ilivyo." Akasema haya. Akaniuliza kama nimefurahi, nikasema nimefurahi. Mimi sikumuuliza. Niliogopa jibu.

Kisha nikaenda chooni kushusha. Haikushuka. Nimejaribu nimesimama, nimekaa, nimechuchumaa. Nimemwambia nina kazi ya haraka karakana. Jumapili, katika mvua ile. Akanitazama navaa koti la mvua na akasema, "Haya, kazi njema." Nimeandika haya karakana, juu ya pipa, na bado haijashuka.

Jumatatu, 27 Aprili

Nimerudi usiku, nimelala nayo peke yangu. Nimeamka nayo. Asubuhi Kidevu kaja kunichukua kwenye kazi: chumba cha chini cha kiwanda cha mikate kimefurika, pampu imekufa, na mwenye kiwanda anapiga kelele juu ya ngazi kwamba unga wake utaelea. Nimeshuka na koti la mvua refu limefungwa mpaka chini. Maji magotini. Kila hatua inauma na kila hatua naona kama mji mzima unanitazama.

Kidevu kafungua kifuniko, kanipa nati nne nishike. Mbili zikatumbukia. Nikainama kuzitafuta, zile nyingine mbili nazo zikafuata. Nikabaki nimeinama, mikono majini, nashika tope na kuliachia.

"Acha," Kidevu akasema.

"Nimeziona."

"Hujaziona. Nati zinakutoka tangu mwaka jana. Nakungoja wewe useme."

Nikainuka, na koti likasimama mbele yangu kwa namna ambayo haifichiki. Kidevu akatazama, akageuza uso upande wa pampu.

"Na hiyo ndiyo ngiri?"

"Spana. Iko mfukoni."

"Haya," akasema. "Nenda nyumbani na spana yako. Hapa nitamaliza."

Hakucheka. Mtu huyu ananicheka kila siku ya Mungu, na leo hakucheka. Hapo ndipo nilipoogopa kikweli.

Nikasimama chini ya kibaraza cha kiwanda nikapiga simu hospitali. Haipokelewi. Nikapiga tena. Kichwani nilikuwa naona kila kitu: nyama inaoza, wananikata, nabaki sina hata kile kifupi. Mwishowe yule muuguzi akapokea. Nikamwambia, na kuna watu wanapita, kwa hiyo nikasema "mashine imegoma kuzima."

"Usiogope, baba. Humo ni maji tu, damu yako inapita kama kawaida. Haiozi. Lakini usiiache hivyo, njoo tukusaidie."

Nikamwambia daraja limefungwa tangu alfajiri.

"Na nyumbani hakuna mtu? Mama hayupo?"

Nikarudi nyumbani kwa miguu. Mke wangu alikuwa na mteja, katikati ya kichwa. Nikasimama mlangoni natiririka maji.

"Mwambie aje kesho," nikasema.

"Nusu kichwa?"

"Mama watoto. Nakuomba."

Sijui alisikia nini kwenye sauti yangu. Akachukua kitambaa, akamfunga mteja kichwa, akamwomba radhi, akamtoa na kumpa mwavuli wetu. Kisha akaja chumbani. Nikalivua koti, na sikuwa na taulo, sikuwa na shuka, sikuwa na neno la maana.

"Tangu jana?" akauliza.

"Tangu jana."

Akaketi kitandani mbele yangu. Nilidhani atacheka. Mdomo ulimtikisika kidogo, kweli, lakini akauuma. "Nifanyeje?"

Nikamweleza: kuna pampu, pembeni kuna kitufe kidogo kama punje ya dengu. Nikamwambia mimi sikioni kwa vidole. Nikamwambia vidole vyangu vimekufa, vyote, na kwamba daktari aliponiuliza nilidanganya. Lilitoka lote kwa pamoja na sauti ikanikatika katikati. Mikono nilikuwa nimeiweka mgongoni kama mtoto wa shule.

Akafumba macho. Ndivyo anavyofanya akitafuta njia kwenye nywele zilizofungamana, nimemwona mara nyingi. Vidole vyake vikaanza kutembea taratibu. Nikaruka.

"Tulia," akasema.

Nikatulia.

"Hiki?"

"Sijui. Sihisi."

"Ni hiki. Kinaingia ndani." Akabonyeza, akashikilia. Nikayasikia maji yanaondoka, na uzito wote wa tangu jana ukaondoka nayo, na nikalia, bila kujifanya nakohoa. Yeye hakuachia mpaka kimelala kabisa.

Tukakaa. Mvua inapiga bati. Nikamuuliza lile nililoliogopa jana: ilikuwaje kwake?

"Si kama zamani," akasema.

"Najua."

"Hujui. Jana ulikwenda chooni ukarudi na kitu tayari. Nikawa kama mteja, naletewa. Ungeniita, nisingekuwa naogopa kukigusa."

Akanawa mikono, akatoka na kikapu kichwani kwenye mvua kumfuata mteja wake, kwa sababu mwavuli alikuwa ameutoa.

Jumanne, 28 Aprili

Mto wake umerudi chumbani kwetu.

Jumapili, 3 Mei

Nimemwita. Yeye ndiye aliyepandisha, yeye ndiye aliyeshusha. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame," akasema, akainama kweli, tukacheka mpaka tukakaribia kuharibu shughuli. Bado pana baridi kichwani, bado raha yangu inakuja kwa kuchelewa na siku nyingine haiji. Yeye anasema yake inakuja. Namwamini nusu. Nikiwa peke yangu nafungua na kukunja vidole, nafungua na kukunja, kama vitasikia.

Ijumaa, 15 Mei

Daraja limefunguliwa. Tumekwenda hospitali wawili. Muuguzi akamwonyesha mke wangu, na mke wangu akafanya mara ya kwanza, amefumba macho. "Mama, una vidole," muuguzi akasema.

Kisha akanigeukia. "Na wewe baba, unaweza mwenyewe?"

Mke wangu alikuwa ananitazama. "Siwezi," nikasema.

Daktari akanipima vidole kwa sindano. Kimoja kimoja, nimefumba macho, niseme nikichomwa. Nilingoja aanze. Akaniambia ameshamaliza.

Ganzi hii hairudi nyuma, amesema. Tukidhibiti sukari, labda haitaendelea. Njiani mke wangu akasema, "Kinyozi hajinyoi." Alitaka kunifariji. Nikamwambia kinyozi ana kinyozi mwenzake, mimi nina wewe tu, na je, siku ukikasirika? Siku ukisafiri?

"Nikisafiri utaningoja."

"Na nisipongoja?"

"Utakwenda wapi?" akauliza, na akacheka sana. Mimi nilicheka baadaye kidogo.

Jumatano, 20 Mei

Mama mkwe ameanguka bafuni, ameumia nyonga. Mke wangu ameondoka asubuhi na basi. Hajui atarudi lini. Mlangoni aliniinamia sikioni: "Usiiguse."

Alhamisi, 21 Mei

Kidevu anafunga nati zote sasa. Mimi nasikiliza mota na kumwambia ugonjwa uko wapi. Tumegawana hivyo, wala hatukulizungumza.

Jumamosi, 23 Mei

Nyumba kimya. Ukutani hakuna anayeambiwa atulie. Mchana mkono ulikwenda wenyewe, kisha nikaurudisha. Mwanamume mzima, kwenye nyumba yangu, naogopa mali yangu mwenyewe.

Jumatatu, 25 Mei

Mvua imekata. Jua limetoka, watu wameanika magodoro kila mahali. Mke wangu amepiga simu. Mama anaendelea, ameanza kukaa.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Umejaribu?"

"Sijajaribu."

Nilijua anapima kama nasema kweli. Nilikuwa nasema kweli.

"Usijaribu," akasema. "Nakuja kesho."